Shajara ya Mradi: Ramani Kongwe za Bahari na Milango ya Pemba

Novemba, matlai

Kazi imeanza. Tuko Wete, Pemba, na tunachotaka kufanya ni hiki: kuzichukua ramani za bahari zilizochorwa karne ya 19 kuhusu visiwa vyetu, kuzipachika juu ya picha za setilaiti za leo, kisha kukaa na manahodha na mabaharia waliosafiri kwa tanga, watueleze chombo kilipita wapi, kilingoja nini na kilibeba nini. Tunataka itoke ramani ya Kiswahili ya njia za biashara, ya kubandikwa ukutani, ambayo mtoto wa skuli ataisoma bila mkalimani. Haraka ipo. Majahazi ya mizigo yanayokwenda kwa tanga tupu yamekuwa machache, na wanaozijua njia hizo kwa mikono yao wenyewe ni watu wazima sana.

Siku za mwanzo zimekwenda kwenye kukusanya karatasi. Ya zamani kuliko zote tuliyoiangalia ni ile inayoitwa ya Cantino, ya mwaka 1502, iliyotolewa Lisbon kwa siri na ambayo sasa imehifadhiwa Modena, Italia. Miaka 4 tu baada ya Vasco da Gama kupita pwani hii, Afrika Mashariki imekwishachorwa juu ya ngozi kwa umbo ambalo mtu wa leo analitambua mara moja. Inapendeza kuitazama, lakini haimwingizi nahodha Wete. Baadaye wanakuja Wafaransa: d'Après de Mannevillette alitoa atlasi ya bahari za mashariki mwaka 1745, akaipanua mwaka 1775.

Msingi wetu hasa ni upimaji wa Waingereza. Kapteni William Fitzwilliam Owen alikuja na merikebu mbili za kivita, Leven na Barracouta, akapima pwani ya Afrika kati ya 1821 na 1826. Homa iliwaua mabaharia wake wengi mno, na bado kazi iliendelea. Jina la merikebu yake limebaki kwetu mpaka leo: kaskazini ya Nungwi, kuelekea Mkondo wa Pemba, kuna fungu la chini ya maji liitwalo Leven, ambako wapiga mbizi hupeleka wageni. Miaka ya 1870 akaja William Wharton na merikebu ya upimaji Shearwater, kisha Fawn, akairudia pwani hii kwa vyombo bora zaidi. Kwa sasa hizi zote tunazo kwa nakala za kidijiti.

Bado Novemba

Tumetumia jioni kadhaa kujifunza kuzisoma, maana ramani ya bahari haisomwi kama ramani ya barabara. Nchi kavu ndani yake ni karibu tupu: vilima vichache, mnazi uliosimama peke yake, msikiti, nyumba kubwa nyeupe. Kinachoonekana kutoka baharini kimechorwa, kisichoonekana kimeachwa. Juu ya karatasi nyingine kuna michoro mirefu ya pwani kama inavyotazamwa kutoka kwenye sitaha, ili mgeni akifika aweze kulinganisha.

Bahari ndiyo imejaa. Ukiikuza picha kwenye skrini utaona namba zimekaa mistari mistari. Kila mstari ni njia iliyopitwa na mashua ya makasia: mtu mmoja mbele anatupa bildi, yaani risasi iliyofungwa kwenye kamba, anasoma pima, mwengine anapima kwa sekstanti pembe kati ya bendera zilizosimikwa ufukweni, wa tatu anaandika. Kisha makasia tena, bildi tena. Pima moja ni futi 6, yaani mita 1.83. Tako la bildi lilikuwa na shimo lililojazwa shahamu, ili ikigusa chini irudi na chembe za kilichopo huko, na ndiyo maana pembeni mwa namba kuna herufi ndogo za mchanga, tope, makombe au matumbawe. Nahodha anayetafuta pa kutia nanga alizihitaji herufi hizo kama alivyohitaji kina. Namba zilizopigwa mstari chini yake ni za mahali panapokauka maji yakitoka.

Kijana wetu wa kompyuta aliuliza swali zuri: penye weupe bila namba, pana kina kirefu? Hapana. Panapokuwa peupe, mashua haikupita. Huenda kuna pima 40, huenda kuna mwamba. Tumeiandika hiyo kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza ya kazi, kwa sababu mtu akizoea ramani za simu, ambazo bahari yake yote ni buluu moja, ni rahisi kuuona weupe kama usalama.

Disemba, kaskazi inaanza

Leo amekuja mzee wa Fundo, nahodha aliyepeleka majahazi Mombasa, Tanga na Unguja tangu alipokuwa baharia mdogo wa kufua maji ngamani. Tulikuwa tumeichapisha ramani ya upande wa magharibi wa Pemba kwa ukubwa wa meza nzima. Baada ya shikamoo na kahawa tukamwachia karatasi, hatukumwongoza kwa maswali.

Alikaa kimya muda mrefu. Akaweka kidole juu ya Misali, akapanda nacho kaskazini: Uvinje, Fundo, Njao, mpaka Ras Kigomasha. Alisimama penye kila mlango wa kuingilia ndani ya visiwa. Akasema wazungu walipima vizuri, mwamba wa kusini ya Fundo upo pale pale ulipo. Kisha akagonga meza kwa kidole mbele ya mlango mmoja.

"Wanangu, mlango huu mnauona mmoja?"

Tukamwambia ndio, mzee, mmoja.

"Kwetu ni miwili. Wa kusi na wa kaskazi. Na ukiutaka sana ni minne, maana kuna maji kujaa na maji kupwa. Hii karatasi yenu haina kusi."

Kaskazi ni upepo wa kutoka kaskazini, kusi ni wa kutoka kusini. Mazungumzo yote yaliyobaki yalikuwa juu ya hilo. Mlango ule ule, mwamba ule ule, lakini mwezi wa Januari chombo kinaingia na tanga upande huu, mwezi wa Julai kinaingia na tanga upande wa pili, na kuna saa ambazo hakiingii kabisa hata nahodha awe nani. Bamvua, yanapojaa na kupwa sana, maji hukimbia pale kwa nguvu; maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, hata mashua ya mtoto inapita. Kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na bamvua kubwa hukaribia mita 4, kwa hiyo fungu linalotembewa asubuhi na wanawake wanaookota chaza, adhuhuri linapitwa juu na jahazi lenye shehena.

Waingereza nao walilijua jambo hili, na ni haki kulisema. Pamoja na ramani walichapisha vitabu vya maelekezo ya safari, vyenye habari za pepo, mikondo na majira. James Horsburgh, aliyekuwa mpimaji wa bahari wa Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, alijulikana zaidi kwa vitabu vya namna hiyo. Lakini walikigawa kitu kimoja mara mbili: mahali wakapaweka kwenye karatasi, wakati wakauweka kwenye kitabu. Leo tunazitafuta karatasi kwa uzuri wake, kitabu kinasahaulika, na njia ya biashara inabaki kama uzi uliovutwa baharini na kuachwa hapo mwaka mzima.

Basi mradi umepata sura yake. Ramani yetu lazima iwe na wakati ndani yake. Kila mlango tutauchora mara mbili.

Januari

Familia moja ya Mkoani imetuazima karatasi halisi, si nakala. Ni ramani ya Kiingereza iliyochapishwa kwa bamba la shaba. Ukipitisha ncha ya kidole pembeni unausikia mfinyo ulioachwa na kingo za bamba. Mgongoni imebandikwa kitambaa. Chini kwenye pambizo kuna tarehe za masahihisho, moja baada ya nyingine, kwa sababu bamba lile lile lilikwanguliwa na kuchorwa upya kila habari mpya ilipofika, na kwa hiyo karatasi mbili zenye jina moja na namba moja zinaweza kutofautiana kwa fungu zima.

Kilichonishika hasa ni kazi ya mikono ya watumiaji. Katika Mkondo wa Pemba kuna msitari wa penseli uliofutwa, ukachorwa tena, ukafutwa tena, mpaka karatasi imeota manyoya. Na pembeni kwenye kipimo cha latitudo kuna matundu madogo ya ncha za bikari, mengi, yamesongamana sehemu moja, karibu na nyuzi 5 kusini. Mtu, au watu, walikuwa wakipima umbali hapo tena na tena. Kifaa kimefanya kazi.

Kwa wenye karatasi kama hizi majumbani: msizitie selotepu. Gundi yake huwa manjano na kuila karatasi, na hii yetu imeumizwa hivyo kwenye kunjo la katikati. Msizikunje tena, zilazeni. Unyevu wa Pemba ni mwingi, basi ziwekwe mbali na ukuta wa nje, na zifunguliwe mara kwa mara kutazamwa kama wadudu wameingia. Kupiga picha, tumia mwanga wa mchana penye kivuli, bila taa ya kamera.

Januari, mwisho wa mwezi

Suala la wakati limetupeleka mbali. Wazee watatu tofauti, tukiwauliza chombo kiliondoka lini, hawakutaja mwezi wa kizungu wala mwezi wa Kiislamu. Walihesabu miongo. Mwaka wa bahari unaanza siku ya Nairuzi, unakwenda kwa makumi ya siku, miongo 36, kisha siku 5 za ziada ziitwazo gatha, jumla siku 365. Mwezi mwandamo haufai kwa safari, kwa sababu Ramadhani huhama mwaka hadi mwaka na kusi haihami nayo. Nairuzi ndiyo sherehe ile ile ambayo Makunduchi, Unguja, bado wanaikoga kila Julai. Watu wengi huijua kwa kupigana kwa vigomba na kuchoma kibanda, wachache wanakumbuka kuwa ilikuwa pia kalenda ya manahodha. Kwa kuwa haina siku ya nyongeza kila miaka 4, Nairuzi husogea taratibu, karibu siku 25 kwa kila karne, na nahodha wa zamani alilijua hilo akalirekebisha.

Na kumbe ni hesabu ya bahari nzima. Ahmad ibn Majid, mwalimu wa bahari kutoka Julfar katika Ghuba, aliyeandika karne ya 15, na Sulaiman al-Mahri aliyemfuata mwanzoni mwa karne ya 16, wote wawili waliandika misimu ya safari kwa siku za Nairuzi: ukitaka kutoka bandari fulani kwenda fulani, toka siku ya kadhaa, usipite siku ya kadhaa. Ibn Majid ana shairi zima juu ya njia ya kwenda Sofala, na njia hiyo inapita kwetu. Watu wengi husema ndiye aliyempeleka da Gama India kutoka Malindi mwaka 1498. Wataalamu wa leo hawakubali, na mimi nimeridhika na hoja zao. Rubani alikuwapo, lakini si yeye. João de Barros, mwandishi wa Kireno wa karne ya 16, anasimulia kwamba rubani yule alimwonyesha da Gama ramani ya pwani ya India. Kwa maneno ya Wareno wenyewe, basi, karatasi zilikuwapo bahari hii kabla hawajaleta zao.

Walipimaje mahali bila saa ya bahari? Kwa nyota na vidole. Kibao kidogo cha kamali kina uzi wenye mafundo. Unaushika uzi kwa meno, unaweka ukingo wa chini wa kibao kwenye upeo wa macho na wa juu kwenye nyota, fundo linakwambia ni vidole vingapi. Huku kwetu kusini ya ikweta Nyota ya Kaskazini haionekani, kwa hiyo walimu wa bahari walitumia nyota nyingine za kaskazini zilizo juu zaidi, za Farkadani na za Nashi. Tumetengeneza kamali ya ubao wa msaji. Mzee wa Fundo hakuwahi kuitumia, lakini alipoishika alisema baba yake alipima kwa kiganja mkono ukiwa umenyooshwa.

Februari

Sasa njia zenyewe. Meza imejaa penseli za rangi.

Njia ya mbali: kaskazi inaleta. Vyombo vya Omani, Ghuba, Hadhramaut na Kachi vilishuka na upepo huo kati ya Disemba na Machi, na tende, samaki wa chumvi, mazulia, mitungi, nguo za Kihindi. Vilikaa bandarini Unguja, vikashuka mpaka Rufiji kupakia boriti. Kurudi ni kwa kusi, lakini kwa mwanzo wa kusi: Aprili, au Mei. Atakayechelewa mpaka Juni na Julai ataikuta Bahari ya Arabuni imechafuka, na bandari za magharibi ya India zilikuwa zikifungwa miezi hiyo. Ni zaidi ya maili 2,000 za bahari kutoka Unguja hadi Maskati, na safari nzima imebanwa kwenye dirisha la wiki chache. Walirudi na boriti, karafuu, pembe, magamba ya kasa. Vyumba vya nyumba kongwe za Ghuba vina upana sawa na urefu wa boriti za mikoko yetu. Nchi isiyo na miti ilijengwa kwa kipimo cha delta ya Rufiji.

Njia ya mbali zaidi: wakati Sayyid Said, mtawala wa Omani, alipokuwa akihamishia makao Unguja, Marekani waliingia kwa mkataba wa 1833, na konseli wao Richard Waters akafika 1837. Kutoka Salem, Massachusetts, ilikuja nguo tunayoiita merikani mpaka leo. Kurudi walichukua pembe, ngozi na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid, Sultana, chini ya Ahmad bin Naaman, ilifika New York na tende, kahawa, pembe na karafuu.

Lakini ya kwetu hasa ni ile fupi, Pemba na Unguja, Pemba na Mombasa. Wakati wa Wareno Pemba ilikuwa ghala la chakula, mchele wake ukilisha Mombasa. Kisha ikaja karafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kilizing'oa karafuu za Unguja na kuzamisha vyombo bandarini; Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo uzito wa karafuu ukahamia huku. Hapa ndipo pepo zinapokuwa na usemi. Mkondo wa bahari katika mlango wetu na bara unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi inausukuma ukazidi kasi, kaskazi inaupinga ukapungua na kufanya mawimbi mafupi yaliyosimama. Kutoka Unguja kuja Pemba kwa kusi ni kama kuteremka. Kutoka Pemba kwenda Unguja kwa kusi, upepo na mkondo vyote viko usoni. Na mara nyingi msimu wa karafuu huanza kusi bado inavuma. Ndiyo maana wazee wanasimulia kwa kirefu umande wa alfajiri, upepo mwepesi wa nchi kavu: chombo kinatoka gizani nao, kinasogea kadiri kinavyoweza, kikipigwa na kusi ya mchana kinabisha, yaani kinakwenda upande upande dhidi ya upepo, au kinajificha nyuma ya kisiwa kungoja alfajiri nyingine. Tumeyaweka maficho hayo yote kwenye rasimu. Hakuna hata moja lililoandikwa kwenye karatasi ya Kiingereza kama kituo cha safari. Humo ni visiwa vyenye namba pembeni.

Kuna njia za karafuu ambazo wazee hawazitaji kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Kila Mpemba anajua zilikwenda wapi. Tumekizima, na hatutazichora.

Machi

Mwezi mzito. Tumefika kwenye njia za watumwa, na tumeamua kwamba zitakuwapo kwenye ramani ya ukutani, kwa wino mweusi, pamoja na nyingine. Kulikuwa na ubishi. Mmoja wetu aliona watoto watatishika. Mimi naona ramani ya biashara ya Zanzibar isiyokuwa na njia hizo ni ya uongo, na mtoto atakuja kuujua ukweli mahali pengine atuulize kwa nini tulimficha.

Biashara hiyo ilipigwa mipaka kwa ramani. Mkataba wa 1822 kati ya Kapteni Moresby wa Uingereza na Sayyid Said uliweka mstari baharini: kutoka Rasi Delgado, upite maili 60 mashariki ya Sokotra, ufike Diu, India. Chombo chenye watumwa kikikutwa mashariki ya mstari kingekamatwa. Magharibi yake, biashara iliendelea. Tuliuchora kwenye karatasi ya Bahari ya Hindi, rula moja, penseli moja. Upande mmoja mtu ni bidhaa halali, upande wa pili si halali, na maji ni yale yale. Mkataba wa 1845 ulikataza kuwapeleka nje kuelekea Arabuni lakini ukaacha wazi pwani kati ya Kilwa na Lamu, na humo ndani tumo sisi. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini kuifunga kabisa biashara ya baharini na soko.

Haikufungika siku hiyo. Mashamba ya karafuu ya Pemba yalikuwa yanapanuka, na milango yetu ya magharibi, yenye visiwa na mikoko ya kujificha, ilikuwa kimbilio la wasafirishaji. Uingereza iliiweka merikebu iitwayo London bandarini Unguja kuanzia 1874 hadi 1883, na mashua zake zikavizia hapa. Kapteni wake, Brownrigg, aliuawa katika maji ya Pemba Disemba 1881 akisimamisha jahazi. Milango ile ile tuliyokuwa tukiisifu Disemba kwa karafuu na mchele. Mzee wa Fundo alisikiliza haya yote, akasema babu yake alikuwa akionesha mahali watu walipoteremshwa usiku. Alituonesha. Tumepaweka.

Aprili, masika

Mvua. Kazi ya ndani.

Kuipachika ramani kongwe kwenye kompyuta tunatumia QGIS, programu ya kuchorea ramani: unachagua rasi, kisiwa, ncha ya mwamba inayoonekana kwenye karatasi na kwenye setilaiti, unazifunga pamoja, programu inaikunjua karatasi ikae. Ramani za Wharton zinakaa vizuri. Za Owen zinataka subira: umbo la pwani ni sahihi, lakini longitudo wakati ule ilitegemea kronomita, saa za baharini, zilizobebwa miezi mingi baharini, na visiwa vinaangukia kando kidogo ya mahali pake. Dira nayo lazima irekebishwe, kwa kuwa kaskazini ya sumaku imehama tangu wakati huo. Mwelekeo ulioandikwa karne ya 19 ukiufuata hivi hivi leo unakupeleka mwambani.

Mji wa Unguja kwenye karatasi hizi unasimamisha moyo. Mji Mkongwe karibu ni kisiwa: Shangani imetokeza baharini, na nyuma yake kuna hori la maji linaloutenga mji na Ng'ambo. Leo hapo ni Darajani, magari na soko; hori lilifukiwa karne ya 20.

Mei, bamvua

Mvua ilipotulia tulitoka na mashua kwenda mlango wa Fundo, pamoja na wavuvi wawili wa huko. Bildi tuliifanya sisi: risasi ya kuyeyusha, kamba yenye alama za vitambaa kila pima, na kwenye tako lake, badala ya shahamu, sabuni ya mche iliyolainishwa.

Penye herufi ya mchanga, sabuni ilirudi na mchanga mweupe umeganda, na kipande cha kombe. Tulisogea mpaka penye herufi ya matumbawe. Bildi iligonga, mkono ukausikia mgongano, ikapanda na sabuni tupu yenye mikwaruzo miwili. Wale wavuvi walikwishatuambia kabla hatujatupa. Kina chetu, tukitoa urefu wa maji ya saa ile kwa jedwali la maji, kilikaribiana na cha karatasi karibu kila mahali, isipokuwa fungu moja la mchanga ambalo limetambaa kuelekea kaskazini.

Kisha wakatuonesha wanavyoshika alama: kitu cha mbali na kitu cha karibu vikikaa juu ya mstari mmoja, uko kwenye njia, vikiachana, umetoka. Alama zenyewe sitaziandika, ni mali yao na wametuomba. Ninachoweza kusema ni kwamba miti miwili iliyokuwa alama za baba zao imeanguka, na vijana sasa wanatumia mnara wa simu. Mzee alipopewa habari hiyo alifurahi, akataka apelekwe aone kama mnara unaangukia sawa na mti. Unaangukia karibu sawa. Kwa maji mafu hauna neno, kwa bamvua kupwa anataka washike kidogo kusini.

Juni, kusi

Rasimu zimechapishwa. Ni karatasi mbili za ukubwa mmoja, moja ya kaskazi na moja ya kusi, zikining'inia bega kwa bega. Mwamba na kina ni vile vile kwenye zote mbili, kutoka kwa Wharton na masahihisho yetu, kwa mita. Njia zinatofautiana: rangi, mshale, mahali pa kungojea. Pembeni kuna ngazi ya miongo sambamba na miezi, ikianzia Nairuzi ya Makunduchi. Majina ni ya hapa, na pale ambapo watu wa Fundo na watu wa Wete wanaliita fungu moja kwa majina mawili, yote mawili yameandikwa.

Kilichobaki ni upande wa mashariki. Karatasi zetu zote ni hafifu huko. Mashua za upimaji hazikupenda bahari ile iliyo wazi, na mistari ya namba ni michache. Wanaoijua ni watu wa Kojani, ambao huenda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi, kufuata samaki mpaka Tanga, Mafia na pwani ya Kenya, na njia zao ni biashara pia. Tumepeleka ujumbe. Majibu yamekuja kwamba wengi wako dago, na kusi hii si ya kukaa chini na karatasi. Tuje pepo zikipoa, tuje na bildi ile.